Fundo la Mpimaji

Alikuwa haulizi habari za nyumbani. Ukikutana naye njiani alichukua kwanza mkono wako wa kuume, akaupima uzito kama mtu anayenunua samaki, akakigeuza kiganja kikaangalia mawingu, akakirudisha kikaangalia vumbi, halafu ndipo aliposema, "Jambo." Wageni walidhani anasoma bahati. Mama mmoja wa mtaa wetu wa Kasenga alimtania siku moja mbele ya watu.

"Papa, unaona nini mu mukono yangu? Nitapata bwana mwingine?"

"Naona kiwiko yako haifunguki mpaka mwisho," akamjibu bila kucheka. "Ulivunjika ukiwa mutoto, na hawakukupeleka popote."

Yule mama aliacha kutania. Alianguka kutoka mti wa avoka akiwa msichana, na kwao walificha jambo lile ili asikose mchumba.

Sisi tulimwita Mpimaji, na kwa midomo yetu ya Uvira, Mupimaji. Jina la ubatizo alikuwa nalo, tena refu la kizungu, lakini silitaji hapa. Sijamwomba ruhusa, na nimeshamchukulia vitu vingi bila ruhusa. Habari za kuzaliwa kwake pia sina. Alipotaka kusema "kwetu" alinyoosha kidevu upande wa milima, na milima yetu ukianza kuihesabu kutoka ziwani unachoka kabla haijaisha.

Nilichokijua vizuri ni kazi yake. Alikuwa msaidizi wa dispanseri, yule wa kuosha vidonda na kuchemsha sindano. Kabla ya uhuru alikuja hapa daktari mmoja mzungu aliyetaka kuelewa mikono ya watoto fulani, wale ambao Mpimaji aliwaita "waliochelewa kulia". Mtoto akitoka tumboni asilie upesi, alituambia, kichwa kinakosa hewa, na barabara fulani ndani ya ubongo inakatika. Mkono wenyewe hauna kosa. Mkono uko pale, na nyama yake na mifupa yake, unangoja gari ambalo halifiki. Daktari alipima mikono hiyo: unafika wapi, unapita njia gani, unachoka baada ya mara ngapi. Mpimaji alishika ncha ya pili ya mita na kuandika anayoambiwa.

Uhuru ulipokuja, daktari alipanda mashua na vyombo vyake akaenda ng'ambo. Aliacha kaye moja, daftari lenye jalada gumu, limejaa nusu. Wengine walisema alilisahau, wengine kwamba sanduku lilikataa kufunga. Mpimaji hakujali. Mimi nimeliona kaye lile kwa macho yangu. Kifaransa kinaishia katikati ya ukurasa, na mstari wa chini yake, bila hata kuruka nafasi, Kiswahili kinaanza. Watu wengine wanakumbuka uhuru kwa bendera na ngoma. Mimi ninaukumbuka kwa ukurasa ule.

Kwa kuwa mita nayo ilivuka ziwa, alitengeneza ya kwake. Alichukua uzi wa wavu, akapiga mafundo, kila fundo upana wa kidole kimoja. Ncha moja aliishikilia kwenye bega la mtoto, akaweka kipande cha muwa mbali kidogo, akasema, "Leta." Mkono ukifika mwisho wake alihesabu mafundo. Alikuwa na jambo lingine tena la ajabu, ambalo sisi watoto tulilipenda kuliko mchezo wowote. Alikupaka makaa kwenye kidole, akaweka kikombe cha maji mwisho wa ubao, akakuambia ukifuate huku kidole kinajiburuta juu ya ubao. Alama ilibaki. Mtu mwenye mikono mizima anachora mstari. Mdogo wangu Feza, naye aliyechelewa kulia, alichora njia ya mbuzi: inapanda, inashuka, inarudi kula majani, inasahau ilikokuwa inakwenda.

"Muzuri," alisema Mpimaji akiutazama ubao kama mtu anayeangalia picha ya harusi. "Muzuri sana. Huyu iko na barabara. Imeharibika tu."

Mama yangu, aliyekuwa anauza samaki wadogo wa ndagala kando ya ziwa na hakuwa na muda wa barabara, aliuliza kama anacheka au anasema kweli.

"Mama, weye unajua njia ya bonde wakati wa mvua. Magari inafanya nini?"

"Inazunguka mu mashamba."

"Inazunguka. Na njia ya zamani?"

"Inaota majani."

"Basi. Mukono wa kushoto ya Feza njo shamba. Kila kitu inapita kule. Minye nataka kufunga shamba."

Huo ndio ulikuwa utafiti wake wote, na aliufikiria mwenyewe, maana nililikagua kaye baadaye na upande wa Kifaransa sikuona mahali mtu amechorwa akiwa amefungwa. Aliufunga mkono mzima ili ule mgonjwa ukose pa kukimbilia. "Mukono muzuri njo adui," alikuwa anasema, yaani mkono mzima ndio adui. Aliisema dispanseri, aliisema njiani, aliisema hata kwenye harusi ambapo haikuhusu. Mara nyingine aliiongezea: "Mukono yenye huruma inaua kuliko panga." Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni maneno ya mtu asiye na mtoto wake mwenyewe.

Nisimfanye kuwa malaika. Mtu huyu aliyepima kila kitu hakujua kupima chumvi. Sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa haimezeki, na alikukaribisha kwa moyo wote, kisha akakaa akuangalie unavyoipeleka mdomoni, maana kula kwako kulikuwa kazi kwake. Aliwachukia bata. Bata wa jirani akitokea, Mpimaji alipita upande wa pili wa njia na kujifanya ana mtu wa kumsalimia huko. Alisema huruma ni sumu, lakini mtoto mmoja wa kijiji cha Mutarule aliyefungwa mkono miezi miwili alipookota punje ya hindi kwa vidole vyake vilivyokuwa vimekufa, Mpimaji alitoka nje ya dispanseri akakaa muda mrefu, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na akatugombeza kwamba tumeacha mlango wazi vumbi linaingia. Aliandika punje ile kwenye kaye. "Moja," aliandika. Alipiga mstari chini yake mara mbili.

Kuna jambo lingine ambalo sikulielewa mpaka nilipokua. Yeye aliyewafundisha watu kwamba mikono yote ni sawa, hakupokea kitu kutoka mkono wa kushoto. Ukimpa hivyo alikuangalia tu, kitu kikabaki hewani, mpaka ukabadilisha. Alilelewa hivyo, kama sisi sote. Kwa Feza hilo lilikuwa ndilo jambo lenyewe. Mkono wake uliolala ni wa kuume. Alisalimia kwa kushoto, alipokea kwa kushoto, alikula kwa kushoto. Shangazi yetu alipokuja kututembelea, bugali ikawekwa katikati, Feza akanyoosha mkono, na shangazi akarudisha wake. Alisema ameshiba, naye alikuwa ametembea kutwa nzima. Feza alikuwa na miaka saba. Tangu siku ile wageni wakija alichukua chakula chake akaenda kula na kuku, na akatuambia kuku hawana maneno mengi.

Ndiyo maana mama alikubali afungwe.

Mpangilio ulikuwa huu. Asubuhi Mpimaji, akienda kazini, alipita kwetu. Alichukua kipande cha kikwembe cha mama, cha maua ya njano, akauweka mkono wa kushoto wa Feza tumboni, akauzungushia na kufunga mgongoni. Fundo lake lilikuwa lake peke yake: alipitisha ncha mara mbili, akairudisha chini, akaibana na yenyewe, likatokea kama sikio la mbuzi. Mchana alirudi, akalifungua, akapima. Katikati ya hapo Feza alikuwa chini ya uangalizi wangu. Mama alikuwa ziwani. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la sita, sina kazi nyingine ila ndoto, na ndoto nilikuwa nazo tele. Niliota nimevaa nguo nyeupe za infirmie, za muuguzi. Niliota ninaandika kwenye kaye. Mpimaji alikuwa ameniahidi.

"Yaya ya Feza," aliniita hivyo daima, yaani dada mkubwa wa Feza, "macho yangu ikichoka, weye utaandika. Uko na mwandiko ya kusomeka."

Kwa ahadi hiyo nilitembea wiki nzima nikiimba.

Kazi zangu zilikuwa rahisi. Nimwage maharage kwenye sinia, Feza ayahamishe mpaka kwenye bakuli kwa mkono wa kuume. Nimpe kikombe, akivute. Nisimsaidie. Basi.

Siku ya kwanza Feza alijaribu. Mkono ule ulitoka kiwiko kimekunjwa, vidole vimejifunga ngumi, ukagonga sinia, maharage yakaruka. Akacheka. Nami nikacheka. Mara ya pili yakaruka. Mara ya kumi hakucheka tena. Nzi alikuja akatua kwenye jicho lake, na mkono wa kumfukuza ulikuwa umefungwa, na ule mwingine ulikwenda kila mahali isipokuwa kwenye jicho. Alinitazama. Hakupiga kelele, Feza si mtu wa kelele. Alisema tu, polepole:

"Yaya, nzi."

Nikafukuza nzi. Halafu nikapitisha mkono mgongoni mwake, nikalitazama sikio la mbuzi lilivyofungwa, nikalifungua.

Hayo ndiyo yote niliyofanya. Ukiyasema upesi ni kitu kidogo. Kila asubuhi Mpimaji akishapita kwa fundi wa baiskeli, mimi nililifungua fundo. Feza alicheza, alisuka mwanasesere wa majani, alifukuza nzi wake mwenyewe. Jua likisimama juu ya paa la kanisa nilimfunga tena. Mwanzoni fundo lilinishinda. Nilijifunza gizani mwa nyumba, kwenye mguu wa meza, mpaka sikio likatokea lenyewe. Baba yangu marehemu alikuwa mshona nyavu, labda vidole nilivirithi kwake. Nilikuja kulifunga vizuri kuliko mwenyewe. Nilijiona mjanja, na zaidi ya mjanja nilijiona mwema. Usiku niliomba Mungu amsaidie Feza, nikalala vizuri.

Mchana Mpimaji alipima. "Tisa," alisema. Wiki iliyofuata, "Tisa." Kisha, "Tisa na nusu," na macho yake yakang'aa, kisha tena, "Tisa." Alibadilisha maharage yakawa mahindi. Alimwuliza Feza, "Unajaribu?" na Feza akaniangalia mimi, akasema, "Ndiyo, Papa." Feza hakunitaja hata siku moja. Alidhani ananilinda.

Halafu vita vikaja. Sina ufundi wa kueleza uasi, waliosoma wataeleza. Kwetu ulikuja kama mvua ya upande mmoja: leo mtaa wa juu, kesho wa chini. Dispanseri ilifungwa, dawa zilichukuliwa. Mpimaji aliendelea kupita kila asubuhi kana kwamba amechelewa kazini. Mama alimwambia akae kwake, risasi haiogopi kaye. Akajibu kwamba wiki ya kumi na moja ndiyo inayoamua.

Ilipofika wiki ya kumi na mbili, alitaka kwenda kijiji cha Runingu. Kulikuwa na mama wawili kule, majirani, kila mmoja na mtoto aliyechelewa kulia. Walisikia habari za mtoto wa Mutarule na punje yake, wakamtumia ujumbe kwamba vitambaa wanavyo, wanangoja tu mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kufunga. Akamwomba mama ampe Feza awaonyeshe, nami nimchunge njiani. Tulitoka asubuhi. Feza alifungwa, maana alitaka wamama wale waone.

Kabla ya kuiacha Uvira tulikuta kizuizi, gogo njiani na vijana wenye majani kichwani. Kila aliyepita alitakiwa anyanyue mkono wa kuume kwa heshima ya mapinduzi. Mpimaji alinyanyua. Mimi nilinyanyua. Feza alijitahidi, mkono ukafika usawa wa kitovu ukatetemeka pale.

"Huyu anatucheka," kijana mmoja akasema. Akamzunguka, akaona fundo. "Na mbona mumefunga mutoto? Huyu ni mufungwa ya nani?"

"Ni mugonjwa," Mpimaji akasema.

"Mugonjwa wanamufunga mukono? Muko munamupeleka wapi? Munaenda kumuuza?"

Mwingine akasema tusiwapotezee muda. Jinsi alivyosema "muda", Mpimaji hakungoja asikie zaidi. Akaingiza mkono kifuani polepole, akatoa kaye. "Soma," akasema. "Kila kitu iko humu. Jina yake, mukono yake, kila wiki."

Mkubwa wao alijua kusoma. Nadhani alikuwa mwalimu kabla ya majani. Alipitisha kidole kwenye mistari, akasoma kwa sauti, na watu waliokuwa wamepangwa nyuma yetu wakasikia.

"Tisa. Tisa. Tisa na nusu. Tisa. Tisa. Tisa." Akafunua ukurasa. "Tisa." Akacheka, si kwa ubaya. "Muzee, mutoto huyu hawezi kunyanyua mukono, kitabu inashuhudia. Lakini weye pia kitabu inakushuhudia. Unamufunga huyu mutoto bure. Pita."

Tukapita. Nambari zile zilituokoa, na zilikuwa nambari zangu.

Tulitembea mpaka gogo halionekani tena. Mpimaji alikaa kwenye ukingo wa shamba la muhogo, akamvuta Feza karibu, akafungua sikio la mbuzi. Alikikunja kitambaa cha maua ya njano mara nne, akakiweka ndani ya kaye.

"Yule kijana iko na haki," akasema. "Minye niliona tangu wiki ya sita. Sikutaka kuona. Ule wa Mutarule, labda ni Mungu tu, labda angepona bila kitambaa."

Nilikuwa na mdomo. Naukumbuka mdomo wangu siku ile, ulikuwa mkavu na una vumbi, lakini ulikuwa mzima, hakuna aliyeufunga. Ningesema maneno manne. Niliogopa atanikatalia kaye. Na tena, niseme yote, nilifurahi kwamba Feza hatafungwa tena. Feza mwenyewe aliniangalia, akangoja, akaona sisemi, akaanza kuchuma majani kwa mkono wake wa kushoto.

Hatukurudi nyumbani, alisema waliotungoja wana haki ya kujibiwa. Tulifika Runingu jua likiwa kali. Wamama wale wawili walitoka mbio, watoto migongoni, vitambaa vimefuliwa vimenyooshwa. Mpimaji alisimama mbele yao kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Musifunge," akasema. "Nilijaribu. Haifanye kazi. Mutawatesa bure."

Mmoja aliuliza, "Hata kidogo, Papa?"

"Hata kidogo."

Nilikunywa maji waliyonipa. Yalikuwa matamu, ya kisima.

Baada ya hapo tulitawanyika. Sisi tulipanda milimani, tukaishi na wafugaji wa juu ambao walitupa maziwa na hawakutuuliza sisi ni wa nani. Feza alijifunza kukamua kwa mkono mmoja, na akajisifu kwamba ng'ombe nao, kama kuku, hawana maneno mengi. Tuliporudi Kasenga nyumba ilikuwa na kuta tatu. Ya Mpimaji ilikuwa haina hata moja. Walisema yuko Runingu, analima. Walisema pia ameugua. Nilikaa miezi mingi nikijiambia nitakwenda, kesho, mvua ikipita, mahindi yakikomaa. Nilikuwa msichana wa ndoto, na ndoto moja ilianza kunijia nikiwa macho: namwambia, naye anacheka, anasema alijua. Niliipenda sana ndoto hiyo. Ndiyo iliyonichelewesha.

Nilikwenda mwisho, na beseni la ndagala kichwani kama zawadi.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kiti cha miti, na mke wake, mama mpole aliyemwoa huko huko, anamlisha bugali kwa vidole vyake, tonge moja moja, anamfuta kidevu. Yeye ambaye alikuwa anaondoka nyumba yoyote akiona mtoto mkubwa analishwa. Mkono wake wa kuume ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Ugonjwa ulimpiga upande mmoja, msimu wa kupanda. Mdomo pia ulivutwa kidogo, lakini maneno yalitoka.

"Yaya ya Feza," akasema. Akanyoosha wa kushoto, akaona ninavyoutazama. "Unisamehe. Ni huu tu inabakia."

Niliupokea kwa mikono yangu miwili.

Tuliongea. Aliuliza habari za Feza, kuta, bata wa jirani kama walikufa vitani. Nikamwambia wamebaki wawili. "Wabaya hawafe," akasema. Kisha nikauliza, kwa sauti ambayo niliisikia kama ya mtu mwingine, kama hajajaribu kujifunga ule mzuri.

"Unasahau? Uliona mwenyewe. Feza wetu, wiki kumi na mbili." Akatikisa kichwa. "Kama kwa mutoto ilishindwa, kwa muzee itafanya nini? Acha Mama anilishe. Minye nilichoka kudanganya watu, sitaki kujidanganya mwenyewe."

Ndipo nikaona kwamba uongo wangu haukubaki kwenye kaye. Ulikuwa umekaa pale mapajani mwake, na vidole vitano.

Nikasema. Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka kwamba mke wake aliacha tonge katikati ya njia.

Hakucheka. Hakusema alijua. Aliuliza kama alivyokuwa anamwuliza mgonjwa.

"Ulikuwa unafungua saa ngapi?"

"Weye ukishapita kwa fundi wa baiskeli, Papa."

"Kila siku?"

"Isipokuwa siku mama alikuwa nyumbani."

"Siku gani hizo?"

"Siku ya Mungu."

"Siku ya Mungu sikuwa nafunga." Alihesabu. "Basi ni siku ngapi Feza alifungwa?"

"Hakuna, Papa."

"Hakuna." Alilirudia kama anayeandika. "Ulimuhurumia."

"Alikuwa na nzi mu jicho."

"Nzi." Sauti yake ikapanda, na upande mzima wa mdomo ukaukimbia ule mwingine. "Mutoto ya jirani hapa, ule wa kitambaa cha kufuliwa, mama yake anamuvalisha nguo mpaka leo, na ameshakuwa mukubwa. Minye nilisimama pale mbele yao nikasema hata kidogo. Minye, si weye. Weye ulinipa uongo nikaubeba kwa mukono yangu nikawapelekea."

Nililia. Hakuniambia ninyamaze, wala mke wake. Kuku walikuja kuangalia ndagala. Baadaye alisema, "Mama, leta kaye."

Lilitoka chini ya godoro, limefungwa ndani ya gazeti. Kitambaa cha maua ya njano kilikuwa bado ndani, pale pale. Akaniambia nifungue ukurasa wa Feza, nishike kalamu.

"Andika chini. Feza hakufungwa."

Nikaandika.

"Andika na jina ya aliyefungua."

Nililiandika jina langu lote, kwa mwandiko wa kusomeka, kwenye kaye ambalo nililiota tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Aliangalia mpaka nikaweka nukta.

"Feza iko na miaka ngapi sasa?"

"Kumi na mbili."

"Mulete. Barabara ikiota majani haiondoke." Akafikiri. "Na kesho utaenda kwa mama ya huyu mutoto ya jirani. Weye. Minye sitakwenda na weye."

"Nitaenda, Papa."

Kisha akauweka mkono wake wa kushoto tumboni, mwenyewe, na kugeuka kidogo kwenye kiti ili mgongo unielekee.

"Funga."

"Fundo gani?"

"Ile uliniibia."

Nikachukua kitambaa. Ncha mara mbili, irudi chini, ijibane yenyewe. Sikio la mbuzi likatokea. Mke wake aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nauma mdomo kama mtoto wa shule. Mpimaji alilipapasa fundo kwa mgongo wake, akivuta bega, likakataa kulegea.

"Kumbe unaifunga vizuri," akasema.

Aliomba makaa. Nilimpaka kwenye kidole cha mkono uliolala, nikaupandisha mkono juu ya ubao wa kukatia mboga, na mwisho wa ubao mke wake akaweka kikombe cha maji. Jua lilikuwa kali, alikuwa na kiu, alitoka kula bugali. Kidole kilikaa. Kikakaa. Kisha kikaacha alama ndogo, upana wa ukucha, imepinda, njia ya mbuzi aliyezaliwa leo. Jasho likaanza kumtoka, likashuka likasimama kwenye nyusi. Nzi akaja.

Mke wake alitaka kuinuka. Nami nilihisi vidole vyangu vinalitafuta fundo vyenyewe, kama vilivyozoea. Nikaviweka chini ya mapaja, nikavikalia, nikaangalia kikombe.